Kiti cha Mzee Kwenye Chumba cha Kompyuta

Mheshimiwa Diwani, wenyeviti wa mabaraza ya wazee wa kata zetu, walimu wakuu mliofika, wakutubi wenzangu, na ninyi baba zangu na mama zangu mlioketi hapa mbele: shikamooni.

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumze juu ya wazee na TEHAMA. Mada hiyo ni pana mno. Naomba ruhusa ya mwenyekiti niingie katika chumba kimoja tu, chumba cha kompyuta cha umma, nikae humo mpaka nimalize. Ndicho ninachokifahamu, maana ndimo ninamofanyia kazi.

Vyumba hivi vipo. Vipo katika baadhi ya maktaba za mikoa, vipo katika vituo vya TEHAMA, vipo katika shule za sekondari zenye maabara ya kompyuta. Pale Sengerema, mkoani Mwanza, kituo cha mawasiliano cha jamii kilianza mwanzoni mwa miaka ya 2000, kikawa na kompyuta na baadaye redio yake, wakati ambapo hata mijini wengi wetu tulikuwa bado tunapanga foleni intaneti kafe. Kwa hiyo sikuja kuomba majengo. Nimekuja kuuliza ni nani anakalia viti vilivyomo.

Ukiingia asubuhi utakuta wanafunzi wanaomba mkopo wa elimu ya juu, wahitimu wanajaza maombi ya kazi, watoto wa sekondari wanatafuta mitihani ya miaka iliyopita. Wote wana haki ya kuwa pale, na nafurahi kila ninapowaona. Mzee naye akija, anakuja na bahasha ya kaki. Ndani mna barua ya kustaafu, nakala za vitambulisho, pengine hati ya kiwanja, karatasi zilizokunjwa mara nne mpaka zimeanza kuchanika kwenye mikunjo. Anasimama mlangoni. Vichwa vyote vimeinamia mashine, hakuna anayeinua uso. Anamuuliza mlinzi, na mlinzi kwa nia njema kabisa anamwambia: "Mzee wangu, hayo nenda steshenari pale ng'ambo ya barabara, vijana watakufanyia." Mzee anashukuru, anashuka ngazi polepole, anakwenda.

Sitaki kuwasema vibaya vijana wa steshenari. Wamewabeba watu wengi ambao sisi wa huduma za umma tumeshindwa kuwapokea. Ila tufuate kinachotokea pale dukani hatua kwa hatua. Huduma inahitaji barua pepe. Mzee hana. Kijana anamfungulia papo hapo, na nywila anaweka ileile anayowawekea wateja wote. Mfumo unataka namba ya simu ya kupokelea ujumbe wa uthibitisho. Mzee ana kitochi, amekiacha nyumbani kwenye chaji, basi inawekwa namba ya kijana. Kitambulisho kinaskaniwa, na picha yake inabaki kwenye kompyuta ya duka, mahali ambapo mteja yeyote atakayekaa baadaye anaweza kuifungua. Kazi imekwisha, mzee analipa, anaondoka na karatasi yake. Miezi inapita, anatakiwa kuingia tena kwenye akaunti ileile. Kijana amehama. Duka limekuwa saluni. Ile barua pepe ina jina la mzee, lakini yeye mwenyewe hajawahi kuingia humo hata mara moja.

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Ni sheria nzuri. Lakini mzee huyu atadai nini, na kwa nani, ikiwa hajui taarifa zake zimeachwa wapi?

Miaka ishirini iliyopita, mtu mzima asiyegusa kompyuta hakukosa jambo kubwa. Ofisi ilikuwa na kaunta, kaunta ilikuwa na mtu, na mtu alikuwa na faili. Siku hizi faili limehamia mtandaoni. Chukueni namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, peke yake. Ina tarakimu 20: nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, halafu zinafuata nyingine 12. Mtazameni mama mwenye mtoto wa jicho akiziingiza moja moja kwenye kioo cha simu, akakosea ya 17, akaanza kurudi nyuma kuifuta, na ukurasa ukajifunga kabla hajamaliza. Ataanza upya mara ya pili. Mara ya tatu atasema basi.

Mnakumbuka pia usajili wa laini za simu kwa alama za vidole. Tarehe ya mwisho ilisogezwa kutoka Desemba 2019 hadi 20 Januari 2020, kisha laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Wapo wazee ambao mashine haikuvisoma vidole vyao, kwa sababu jembe limekwisha kuvilainisha. Mkono uliolima nusu karne ukaonekana hauna mwenyewe. Hilo liliniuma, na bado linaniuma.

Kwa wastaafu wa utumishi wa umma, PSSSF, mfuko wao wa pensheni, imeleta utaratibu wa kujihakiki kwa simu janja bila kusafiri. Nausifu, maana najua safari ya uhakiki ilivyokuwa: basi la alfajiri, foleni ndefu, na wengine wakilala kwa jamaa mjini ili wawahi. Lakini utaratibu huo unataka simu janja, unataka bando, unataka mkono uliozoea kioo na uso uliotulia mbele ya kamera. Asiye navyo anarudi kwenye basi lile lile, au anamkabidhi mtu mwingine simu na siri zake.

Kuna mfano mmoja uliokwenda vizuri nami nautaja makusudi. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU, mfumo wa kununua umeme kabla ya kuutumia. Mwenye nyumba ananunua umeme kama alivyozoea, na kodi imelipika. Mtu aone kodi hiyo ni halali au si halali, hilo ni jambo lingine. Ninachosema ni kwamba mfumo unaweza kupangwa ukamfuata mtu pale alipo. Mingi haijapangwa hivyo, na ndiyo maana chumba cha kompyuta cha umma kina kazi ya kufanya.

Sasa nirudi nyuma kidogo, na hapa nasema na wazee zaidi kuliko vijana, kwa kuwa ninyi mlikuwepo na mimi nimesoma tu.

Mwalimu Nyerere alipowasilisha mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano, mwaka 1964, alisema tuanze na watu wazima, kwa sababu watoto wangechukua miaka mitano, kumi, hata ishirini kabla elimu yao haijaonekana katika uchumi. Usiku wa kuamkia 1970 akautangaza mwaka huo kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka uliofuata zikachaguliwa wilaya sita, Mafia na Ukerewe zikiwamo, zifute ujinga kabla ya nyingine. Mwaka 1975 ikaundwa kwa sheria Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Katika miaka ya sitini zaidi ya asilimia 60 ya watu wazima hawakujua kusoma wala kuandika. Kufikia 1986 takwimu za Serikali ziliwaweka chini ya asilimia 10. Wapo wataalamu wanaozitilia shaka takwimu hizo, na wana sababu zao, lakini hakuna anayekana kwamba mamilioni ya watu waliokwisha kuwa na watoto na wajukuu walishika kalamu kwa mara ya kwanza katika miaka ile.

Walishikaje? Jioni, baada ya shamba. Chini ya mwembe, kwenye ghala la ushirika, kwenye darasa la watoto lenye madawati mafupi. Mwalimu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, au kijana wa darasa la saba anayejitolea kwa posho ndogo. Mama alikuja na mtoto mgongoni. Kanda ya Ziwa, katika mradi uliosaidiwa na UNESCO kuanzia 1968, walikwenda mbali zaidi, wakakiita kisomo chenye manufaa. Mkulima wa pamba alijifunza kusoma kwa kitabu cha pamba. Wa migomba alikuwa na kitabu cha migomba, na mvuvi vilevile. Hakuna aliyemwambia mtu mzima akariri herufi kwanza, kazi yake itafuata. Kazi yake ndiyo iliyokuwa somo la kwanza.

Halafu ikaja redio. Mwaka 1973 ilirushwa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikutana katika vikundi nchi nzima, wiki baada ya wiki kwa majuma kumi na mawili. Kikundi kilikuwa na redio moja, kitabu, na kiongozi aliyepewa mafunzo mafupi. Walisikiliza pamoja, mmoja akasoma kwa sauti, wakajadili hali ya kijiji chao, kisha wakaamua la kufanya kabla ya wiki ijayo. Vyoo vikachimbwa kwa mamia ya maelfu. Redio haikuwa ya mtu. Ilikuwa chombo cha umma katikati ya watu, na pembeni yake aliketi mtu anayejua kidogo zaidi ya wenzake.

Nayasema haya kwa sababu nasikia mara nyingi, hata ofisini kwetu, kwamba wazee hawafundishiki kompyuta. Kauli hiyo haina msingi katika nchi hii. Walio na miaka 70 na 80 leo ndio waliofundishwa chini ya miembe, au ndio waliofundisha. Nchi hii ilikwishafanya jambo gumu kuliko kompyuta, kwa fedha kidogo kuliko tulizo nazo, na ilifanya kwa watu hawahawa.

Lakini historia hiyo ina upande wa pili, nao tuutazame. Wengi waliojifunza kusoma walisahau, kwa sababu baada ya mtihani hapakuwa na cha kusoma. Ndiyo maana lilianzishwa gazeti la Elimu Haina Mwisho, ndiyo maana zikawekwa maktaba za vijiji, na vilipozorota na kisomo kikazorota. Kompyuta ni vivyo hivyo. Semina ya siku tatu, cheti, picha ya pamoja, kisha mwaka mzima mtu hajagusa kibodi: fedha imekwenda na hakuna kilichobaki. Kikundi cha wazee wanane wanaokutana kila wiki kwa saa mbili, bila cheti na bila posho, kitafika mbali kuliko semina kumi.

Basi nikiulizwa tuanze vipi, nasema tuanze na bahasha ya kaki. Mzee asipewe somo la historia ya kompyuta wala majina ya sehemu za mashine. Aulizwe: mama, umekuja na shida gani? Kama ni salio la michango yake, somo la kwanza ni salio la michango. Humo humo atajifunza kuwasha, kushika kipanya, kuandika jina lake, kutunga nywila yake mwenyewe na kuiandika katika daftari lake mwenyewe. Ndiyo, daftari. Wataalamu wa usalama wa mitandao watanilaumu, lakini nywila iliyo katika daftari chini ya kanga kabatini iko salama kuliko iliyo katika kichwa cha kijana aliyehama.

Na kuna sheria moja ambayo ningependa ibandikwe ukutani katika kila chumba: msaidizi haruhusiwi kugusa kipanya. Aelekeze kwa mdomo, aonyeshe kwa kidole, arudie mara kumi ikibidi, lakini mkono ulio juu ya kipanya uwe wa mzee. Hili ni gumu kwa vijana. Wana haraka, wana upendo, wanasema "ngoja nikusaidie babu," na kufumba na kufumbua kazi imekwisha na babu hajaona hata njia iliyopitiwa. Vijana wanaojitolea kwetu kazi yao ngumu kuliko zote ni kukaa na mikono magotini.

Niseme sasa juu ya mambo madogo, kwa maana huko ndiko mzee anakoshindwa, na anadhani ameshindwa kwa sababu ya akili yake.

Upande wa kulia wa kibodi kuna tarakimu zilizopangwa kama za kikokotoo. Mzee akitaka kuandika namba ya NIDA anakwenda pale moja kwa moja, maana ni kubwa na zimekaa pamoja. Anabonyeza 8, hakuna kitu. Anabonyeza 4, kistari cha kuandikia kinakimbilia kushoto. Anabonyeza 2, kistari kinashuka. Anaondoa mkono, anaamini ameharibu mashine ya Serikali. Kumbe ni kitufe kimoja kilichoandikwa Num Lock, kilichozimwa na mtu aliyekaa hapo kabla yake. Kila asubuhi, kabla mlango haujafunguliwa, mhudumu apite akiwashe katika kila mashine. Ni kazi ya dakika tano.

Kubofya mara mbili nako. Tunawaambia "bofya mara mbili haraka." Mkono wenye baridi yabisi au unaotetemeka hauwezi haraka hiyo, na katikati ya bofyo la kwanza na la pili kipanya kimesogea, hivyo faili haifunguki, inahama. Mzee anaona picha zinaburuzika kwenye kioo na anatishika. Dawa ipo ndani ya kompyuta yenyewe: kuna mahali pa kupunguza kasi ya mabofyo mawili, na mtu anaweza pia kubofya mara moja kisha akabonyeza Enter. Maandishi yakiwa madogo, ashikilie Ctrl na kubonyeza alama ya kujumlisha, ukurasa wa tovuti unakua papo hapo. Nimewaona watu waliosogeza pua hadi kwenye kioo wakikaa sawa kwenye kiti kwa mara ya kwanza baada ya kuonyeshwa vitufe hivyo viwili.

Kiti kiwe na miguu minne iliyotulia. Viti vya magurudumu vinapendeza katika picha za uzinduzi, lakini mama wa miaka 75 akijishika kwenye kiti cha magurudumu wakati wa kukaa, kiti kinakimbia na nyonga inavunjika. Kioo kisitazamane na dirisha. Wenye miwani ya lenzi mbili wanasomea sehemu ya chini ya miwani, kwa hiyo kioo kilichoinuliwa juu kinawalazimisha kutupa kichwa nyuma hadi shingo inauma, kishushwe. Choo kiwe karibu na kisiwe kimefungwa kwa kufuli ambayo ufunguo wake uko kwa mtu aliyekwenda kula. Na chumba kisiwe ghorofa ya pili. Nasisitiza hili mbele ya Mheshimiwa Diwani, kwa sababu nimeona majengo mapya kabisa ambamo kompyuta zimepelekwa juu kwa kuogopa wezi, na wazee wamebaki chini pamoja na mlinzi. Wezi wazuiwe kwa nondo.

Lugha si tatizo kubwa kama wengi wanavyodhani. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kutoa programu za ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, na leo Android, Google na baadhi ya matoleo ya Windows yanaweza kuwekwa kwa Kiswahili. Ni mashine chache sana za umma zilizowekwa hivyo. Mhudumu aweke angalau mbili.

Wapo watakaosema: wazee wana watoto wao, watoto wawasaidie. Nawaheshimu wanaosema hivyo kwa kuwa wanasema kutoka katika malezi yetu. Lakini tazameni kata zetu. Watoto wako Mwanza, wako Tunduma, wako Muscat. Aliyebaki na bibi ni mjukuu wa darasa la tatu. Na hata mtoto anapokuwepo, kuna mambo mtu mzima ana haki ya kuyafanya mwenyewe. Kiasi cha pensheni yake ni siri yake. Nimekaa na mama aliyeniomba, kwa sauti ya chini, nimfundishe kutazama fedha zake bila mwanawe kujua. Sikumuuliza kwa nini. Wengi hapa mnaelewa.

Wengine watasema kila mtu sasa ana simu. Si kila mzee ana simu janja, na aliye nayo mara nyingi amerithi ya mjukuu iliyopasuka kioo. Simu haina printa. Bando linakwisha fomu ikiwa nusu. Na simu hiyo hiyo ndiyo mlango wa matapeli. Nani hapa hajawahi kupokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii"? Mzee anayekutana na wenzake kila wiki ana mahali pa kuuliza kabla hajatuma. Katika kikundi, mmoja akisema "hata mimi nimeletewa huo," utapeli umekufa pale pale. Kwangu mimi hiyo peke yake inatosha kuwa sababu ya kuwa na chumba.

Kuna wazee wasiojua kusoma, na wengi wao ni akina mama, kwa sababu zama zao msichana alibaki nyumbani. Hao tusiwafungie mlango kwa kisingizio kwamba kompyuta ni maandishi. Mama asiyesoma anaweza kujifunza kumpigia mwanawe kwa picha, anaweza kusikiliza maelezo ya ugonjwa wake kwa Kiswahili, anaweza kuzungumza na kioo kikaandika. Na nina imani kwamba baadhi yao wataomba kufundishwa kusoma papo hapo. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ipo, na maktaba ipo, na kinachokosekana ni sisi kuketi meza moja.

Sasa maombi, nami naomba waziwazi.

Kwa Mheshimiwa Diwani na Halmashauri. Asilimia 10 ya mapato ya ndani inakwenda katika mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Siombi iguswe. Naomba kifungu kidogo kando yake cha kulipia mtandao, mlinzi na nauli ya wasaidizi kwa asubuhi mbili za kila wiki. Hospitali zetu zilipoweka dirisha la wazee, zilitenga nafasi katika jengo lililokuwepo, na mtu wa kuwapokea. Naomba hilo hilo. Na kwa aliyefikisha miaka 60, ambaye ndiye mzee kwa mujibu wa Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, ada ya kutumia kompyuta ya umma iondolewe. Sensa ya 2012 ilihesabu wazee zaidi ya milioni mbili na nusu nchini, na idadi imeongezeka tangu hapo. Ada yao haitajenga maktaba, lakini itawazuia wengi wao kuingia.

Kwa walimu wakuu. Maabara zenu zimefungwa wakati wa likizo na saa za jioni. Najua hofu yenu: kifaa kikipotea, mnaoandikiwa barua ni ninyi. Kwa hiyo makubaliano yawe ya maandishi, baraza la wazee la kata lisaini, na vifaa vihesabiwe mbele ya mjumbe wao kabla na baada. Wazee hawa wamejenga shule nyingi kati ya hizi kwa nguvu zao, wakibeba mchanga na mawe. Wanaweza kuaminiwa na kibodi.

Kwa wakutubi wenzangu, neno ni fupi. Mzee akisimama mlangoni, mtu ainuke.

Kwa walimu wastaafu, na nawaona wengi humu. Ninyi ndio wasaidizi bora kuliko kijana yeyote, kwa kuwa mnajua kufundisha mtu mzima bila kumwaibisha, na mzee haoni haya kumuuliza mzee mwenzake jambo lile lile mara ya nne. Baadhi yenu mlifundisha kisomo. Nawahitaji kumi wa kuanzia. Mafunzo yenu yatakuwa ya wiki mbili, asubuhi, na nitayasimamia mimi mwenyewe.

Kwa ninyi wazazi wangu mliokuja kusikiliza. Kuanzia wiki ijayo, Jumanne na Alhamisi, saa tatu hadi saa tano asubuhi, mashine sita za safu ya mbele ni zenu. Chumba kiko chini, mlango wa kulia ukitoka hapa. Njooni na miwani mnayosomea, si ile ya kutembelea. Njooni na kitambulisho, na simu yoyote mliyo nayo hata kama ni kitochi, maana ujumbe wa uthibitisho lazima uingie kwenye simu yenu na si ya mtu mwingine. Njooni na daftari dogo na kalamu. Leteni bahasha zenu, tutazifungulia mezani. Mjukuu akikusindikiza anakaribishwa, ila atakaa kwenye benchi la nje.

Mwenyekiti, naona mikono imeinuka tayari. Naomba kipaza sauti kipelekwe kwanza kwa wale wazee wa nyuma.